Sahihi katika Daftari la Mahudhurio Si Maoni ya Kijiji

Maswali ya wasomaji kuhusu mazingira na maji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu katika Wilaya ya Chamwino. Mwezi Oktoba walifika wataalamu wa kampuni moja ya ushauri wa mazingira kwa ajili ya mradi wa kusafisha korongo lililo juu ya kisima chetu na kupima ubora wa maji. Waliitisha mkutano saa nane mchana, wakazungumza kwa saa moja, wakapitisha daftari la mahudhurio, nasi tukaweka sahihi. Kisha walichota maji kwa chupa ya soda wakaondoka. Hadi leo hatujaletewa majibu, ila tumesikia kwamba taarifa yao inaeleza kuwa wananchi wameshirikishwa kikamilifu. Je, huko ndiko kushirikishwa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Sahihi zenu zinathibitisha kwamba mlikuwapo mkutanoni, basi. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinamtaka mwenye mradi unaofanyiwa tathmini atafute maoni ya watu watakaoguswa nao, na maoni hayapatikani kwa kuwahutubia watu. Hata mradi mdogo usiohitaji tathmini kamili hauna sababu ya kufanya pungufu ya hapo. Kumbukeni pia kwamba mtaalamu elekezi, yaani mshauri kama hao waliofika kwenu, huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo atadanganya, kwa maana wengi ni watu waadilifu, lakini siku alizopewa zikiwa chache, kitu cha kwanza kukatwa huwa ni muda wa kukaa na wanakijiji.

Kwa maoni yangu, ushirikishwaji unaanza kabla chupa haijaguswa maji. Ni wenyeji wanaopaswa kuonyesha mahali pa kuchota na majira ya kuchota. Mama anayepanga foleni ya madumu kisimani tangu saa kumi na moja alfajiri anajua ni mwezi gani maji hubadilika ladha, na mchungaji anajua korongo lipi huleta maji ya mvua ya kwanza yakiwa yamebeba samadi. Mkutano wa saa nane mchana huwakosa wote wawili. Huku kwetu mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kipimo kimoja cha Oktoba huonyesha maji yaliyokaa ardhini miezi mingi na kukolea chumvi, lakini hakionyeshi uchafu unaosombwa mvua zinapoanza. Ombeni vipimo viwili, cha mwisho wa kiangazi na cha wiki za mwanzo za mvua.

Sasa nije kwenye chupa ya soda, ambayo imenisumbua kuliko mkutano wenyewe. Sampuli ya kutafuta vijidudu huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa maabara. Pampu hupigwa kwanza kwa dakika kadhaa ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, mdomo wa bomba, kama ni wa chuma, huunguzwa kwa moto, kisha chupa hufunguliwa wakati huohuo wa kukinga, bila kuisuuza na bila kidole kugusa mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Haijazwi pomoni. Huandikwa mahali, tarehe na saa, ikawekwa kwenye kisanduku chenye barafu na kufikishwa maabara ikiwezekana ndani ya saa sita. Nimewahi kuona sampuli ikisafirishwa mchana wa jua kali ndani ya mfuko ulioning'inizwa kwenye usukani wa pikipiki. Majibu yake yalipotoka yalituambia zaidi habari za safari kuliko za kisima. Kutoka Chamwino hadi maabara ya ubora wa maji jijini Dodoma si mbali, kwa hiyo kisingizio cha umbali hakipo.

Peleka jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liingie kwenye muhtasari, kisha mtendaji wa kijiji aandike barua kwa mwenye mradi, nakala iende halmashauri na ofisi ya wilaya ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, akiomba mambo mawili: nakala ya majibu ya maabara, na siku ambayo wataalamu watarudi kuyasoma mbele ya wananchi kwa Kiswahili. Siku hiyo msiridhike na neno "salama". Ulizeni namba. Bakteria aina ya E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi kuingia majini, hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kwa upande wa kemikali, floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Ziandikeni ubaoni, ofisi ya kijiji.

SWALI: Maji ya kisima chetu hapa Bahi yana chumvi. Mama mkwe wangu ananiambia nikiyachemsha sana chumvi itakwisha na mtoto wangu wa miezi minne atakuwa salama. Je, ni kweli?

JIBU: Mama ana haki kwa upande mmoja, kwani kuchemsha huua vijidudu vya kuharisha, na jambo hilo usiliache. Lakini chumvi, floraidi na naitreti haziondoki na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani zenyewe hubaki, hivyo kadiri unavyochemsha ndivyo zinavyokolea. Floraidi haina ladha. Dalili yake ya kwanza huwa ni meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia, jambo ambalo jirani zetu wa Singida wanalifahamu vyema, na ikizidi kwa miaka mingi huharibu mifupa. Naitreti hutokana na vyoo vya shimo, samadi na mbolea, nayo ni hatari hasa kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, kwa sababu huizuia damu yake kubeba hewa ipasavyo. Wa miezi minne anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji yoyote. Wakati huohuo uliza kama kisima kimewahi kupimwa kemikali. Kikikutwa na floraidi nyingi, upo mchujo wa mkaa wa mifupa uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, ingawa mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Maji ya mvua ya bati ni nafuu zaidi, mradi umwage yale ya mwanzo yanayoosha paa.

SWALI: Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazoa taka korongoni mtaani kwetu, Jijini Dodoma. Mvua ikinyesha zinarudi zote. Tunakosea wapi?

JIBU: Nadhani mnazirundika ukingoni. Kuzoa bila gari la kubebea ni kuzihamisha taka hatua kumi tu. Kabla ya siku ya usafi, mwenyekiti wa mtaa apate uhakika kutoka Halmashauri ya Jiji kwamba gari litakuja siku ileile na kuzipeleka dampo la Chidaya. Kama halitakuja, ahirisheni. Tengeni pampasi na chupa za plastiki, kwa kuwa chupa zina wanunuzi na pampasi ndizo huziba kalavati. Na kazi kubwa ifanyeni Novemba. Ikisubiri Januari, maji huwa yamekwisha kuzibeba taka hizo hadi kwenye lambo la watu wa bondeni.