Kutoka Bergen hadi Kirkenes kwa meli: maswali yenu kuhusu pwani ya Norwei

Maswali mengi mliyotuma safari hii yanahusu njia moja: meli za pwani ya Norwei zinazoondoka Bergen, kusini-magharibi mwa nchi, zikapanda hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, kisha zikarudi. Tumeyajibu yale yaliyojirudia.

Hii ni meli ya starehe kama zile kubwa za Mediterania? Nimeona ratiba, inafunga gati hata saa nane za usiku. Kwa nini? (Dar es Salaam)

Ni meli ya kazi inayochukua na watalii. Ilianza Julai 1893, nahodha Richard With alipoondoka Trondheim kwenda Hammerfest na meli iliyoitwa Vesteraalen, kwa mkataba wa kupeleka barua, mizigo na abiria kwenye pwani ambayo haikuwa na barabara. Mkataba wa serikali upo hadi leo. Tangu 2021 umegawanywa kwa kampuni mbili, Hurtigruten yenye meli saba na Havila yenye meli nne, na meli hizo 11 hupokezana kwenye bandari 34.

Usiku huo unaouliza, kinachotokea ni hiki: meli inasogea gatini, kamba zinatupwa, mlango wa ubavuni unafunguka, foklifti inatoka na mizigo ya duka la kijiji na kuingia na makasha ya samaki. Dakika 15 au 30, imeshaondoka. Hakuna kasino wala maonyesho ya jukwaani. Anayetaka hayo ataona amepoteza pesa. Anayependa bahari na watu wanaoishi nayo atakaa sitahani hadi masikio yaume.

Kwenda na kurudi ni siku 12, na Kirkenes unafika siku ya saba asubuhi. Wengi hukata tiketi ya kwenda tu wakidhani kurudi ni kuona yale yale. Sivyo. Ratiba imepangwa ili bandari nyingi zilizopitwa usiku wakati wa kupanda zipitwe mchana wakati wa kushuka. Visiwa vya Vesterålen ni mfano, na karibu na Brønnøysund kuna mlima Torghatten, uliotobolewa na tundu la urefu wa mita 160 hivi kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Niende mwezi gani? Nataka kuona jua la usiku wa manane na zile taa za kijani angani. (Mombasa)

Chagua moja. Taa za kijani zinahitaji giza, na jua lisilotua halitoi giza. Kosa la kukata tiketi ya Juni kwa ajili ya taa hizo hufanywa kila mwaka.

Jua lisilotua huonekana Tromsø kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi 22 Julai, na huko Nordkapp, kwenye jabali la mita 307 juu ya bahari, kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Kiangazi pia ndipo meli huingia Geirangerfjord, hori la kilomita 15 lenye kuta za mawe na maporomoko ya maji, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Trollfjord nayo, ambayo mlango wake una upana wa mita 100 tu, huingiwa hali ya hewa ikiruhusu. Majira ya baridi manahodha huikwepa kwa sababu theluji na mawe huporomoka kutoka juu.

Kwa taa za angani, nenda kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Machi. Ushauri wetu ni Machi: usiku bado ni mrefu, mchana umesharudi, milima ina theluji, na wavuvi wa visiwa vya Lofoten wako katikati ya msimu wa samaki. Desemba Tromsø jua halichomozi kabisa, unapata saa chache za mwanga wa buluu, basi. Mwanga huo ni mzuri mno, lakini usiende ukitarajia mandhari ya mbali.

Mimi hulevywa na bahari hata kwenye boti ya Unguja. Nitaweza? (Morogoro)

Utaweza, kwa sababu sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa na maji yake hutulia kama ya ndani ya mwamba. Jiandae kwa sehemu tano ambazo meli hutoka na kuingia bahari kuu: rasi ya Stad baada ya Måløy, Hustadvika kati ya Molde na Kristiansund, Folda kabla ya Rørvik, Vestfjorden kati ya Bodø na Stamsund (saa nne hivi), na pwani ya bahari ya Barents baada ya Honningsvåg. Meli ikianza kwenda mrama hapo, umeshachelewa kumeza dawa. Meza saa moja au mbili kabla. Cinnarizine na promethazine zinapatikana katika maduka ya dawa Afrika Mashariki. Promethazine inatia usingizi sana. Mjamzito, na mwenye presha ya macho au tezi dume, amuulize mfamasia kwanza.

Chumba kina kazi kubwa kuliko dawa. Omba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Cha omoni hupanda na kushuka zaidi, na kina adha nyingine: mashine za kusukuma omo pembeni hunguruma chini ya kitanda kila meli inapofunga gati, na usiku mmoja inaweza kufunga mara tatu au nne. Cha tezini hutikiswa na rafadha. Ukiona bei ya chumba chenye dirisha imeshuka ghafla, angalia ramani ya sitaha, huenda mbele ya dirisha imening'inizwa mashua ya kuokolea.

Kula kidogo chenye wanga, usikae na njaa, na uangalie upeo wa bahari. Kulala chali chumbani ni bora kuliko kusoma simu.

Sala na chakula je? Jua halitui, nitajuaje Magharibi? (Zanzibar)

Kauli mbili zinajulikana kwa wanazuoni: kukadiria kwa mji ulio karibu zaidi ambako mchana na usiku bado vinapambanuka, au kufuata saa za Makka. Muulize shekhe wako kabla ya kuondoka, uandike ratiba ya siku zote 12 kwenye karatasi.

Kibla kinakuwa kusini-mashariki, kinyume na mazoea yetu ya kuelekea kaskazini. Ukiwa Bergen ni takriban nyuzi 133, Tromsø 154, Kirkenes 168. Usitegemee dira ya mkononi ndani ya meli: chuma huivuta, na kule Kirkenes kaskazini ya dira imepotoka zaidi ya nyuzi 10 kutoka kaskazini halisi. Fungua ramani ya simu yenye GPS, tazama meli inaelekea wapi, kisha hesabu kutoka hapo. Na meli hugeuka, kwa hiyo hesabu upya kila sala.

Chakula: samaki ni tele, lakini uliza kilichowekwa ndani. Supu ya samaki huweza kutiwa mvinyo, na lutefisk, samaki aliyelainishwa kwa magadi, kwa desturi huliwa na mafuta ya nguruwe. Waarifu unapokata tiketi, usingoje mezani.

Wale samaki wanaotundikwa kwenye miti ni ng'onda? (Tanga)

Ni ndugu wa mbali. Ng'onda wetu anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa juani. Tørrfisk wa Lofoten hatiwi hata chembe ya chumvi, na kinachomkausha ni upepo baridi.

Samaki mwenyewe ni torsk, si chewa wa huku ingawa kamusi nyingine huwachanganya. Kila Januari hadi Aprili makundi makubwa yake huteremka kutoka bahari ya Barents kuja kutaga Lofoten, na wakati huo huitwa skrei. Hukatwa kichwa, hutumbuliwa, hufungwa wawili wawili mikiani na kuning'inizwa kwenye chanja za miti kuanzia Februari hadi Mei. Kazi yote inategemea hali ya hewa kukaa karibu na nyuzi sifuri. Ikiganda sana, barafu hupasua nyama ndani na samaki hubaki laini kama sponji. Ikipanda joto, nzi hufika. Mvua ikizidi, ukungu huota. Mkondo wa bahari wenye vuguvugu ndio unaoizuia pwani hiyo isigande, na ndiyo sababu biashara hii imekaa pale tangu enzi za Waviking.

Akishushwa amepoteza maji yake mengi, ni mkavu kama kuni, ukigonga wawili wanalia. Hukaa ghalani miezi miwili mitatu zaidi, kisha huja mpangaji wa madaraja, anayemshika mmoja mmoja, kumtazama na kumnusa tumboni. Walio bora huenda Italia. Vichwa, vinavyokaushwa mbali kwa mafungu, huenda Nigeria. Kumpika kunataka subira: humloweka kwa karibu wiki nzima, ukibadilisha maji kila siku.

Wasomaji wetu wa Kongo wana samaki wao kwenye njia hiyo hiyo. Kristiansund na Ålesund ni miji ya klippfisk, yaani samaki anayepasuliwa, akalazwa kwenye chumvi wiki kadhaa, ndipo akakaushwa. Wale wa bei nafuu, hasa aitwaye sei, hufika hadi masoko ya Kongo, ambako samaki wa chumvi wa namna hiyo huitwa makayabu.

Meli inayopanda hufika Stamsund na Svolvær jioni. Mwezi Machi utakuta giza. Ukitaka kusimama chini ya chanja mchana, shuka Svolvær, lala hapo, panda meli ya kesho yake.

Bei ya siku 12 imenishinda. Kuna namna? (Nairobi)

Ipo. Kata tiketi ya bandari hadi bandari, kama wanavyofanya wenyeji. Kwa kipande cha mchana huhitaji chumba, unakaa ukumbini na kununua chakula unachotaka. Kizuri kuliko vyote kwa pesa kidogo ni Bodø hadi Svolvær: saa sita hivi, na ukuta wa milima ya Lofoten unainuka mbele yako kutoka majini. Bodø inafikika kwa treni kutoka Trondheim, kilomita 729, karibu saa kumi.

Viza? (Kampala)

Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ni euro 90, bima isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Kinachoangusha wengi ni mapengo: tiketi ya meli ipo, lakini hakuna uthibitisho wa hoteli ya Bergen usiku wa kabla na wa baada. Ukiongeza Svalbard, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, maana visiwa hivyo viko nje ya Schengen.

Meli ikiniacha bandarini? (Muscat)

Haisubiri mtu. Saa ya kuondoka huandikwa mlangoni, nawe uwe ndani robo saa kabla. Tahadharini na saa zetu za Kiswahili: ratiba inaposema 20:30 ni saa mbili u nusu usiku. Kila ushukapo chukua pasipoti, kadi ya benki na dawa. Ukiachwa Ålesund, basi la Molde linaweza kukuwahisha. Ukiachwa Bodø, mbele yako ni Vestfjorden, kwa hiyo tafuta pa kulala na upande meli ya kesho.

Na majira ya baridi msikimbilie meli. Magati hufunikwa na barafu. Nunueni zile njumu za kuvisha juu ya viatu, zinaitwa brodder, zipo madukani Bergen na Tromsø.