Maswali ya Wasomaji: Je, Piastri aliisaliti Alpine?

SWALI: Shikamoo mzee. Kijiweni kwetu tunafuatilia sana mbio za magari za Formula 1, na juzi tulibishana mpaka abiria wakaondoka kwa miguu. Mimi nasema dereva Oscar Piastri aliisaliti timu ya Alpine iliyomlea, akakimbilia timu ya McLaren. Mwenzangu anasema hakuwa na mkataba nao. Sasa timu kubwa vile itamtangazaje dereva ambaye haina mkataba naye? Nauliza pia kwa sababu naendesha pikipiki ya mkataba na mwenye mali hatujaandikishana chochote. Huu ni mwezi wa 9 nampelekea hesabu.
Bodaboda, Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko sahihi.

Tarehe 1 Agosti 2022 Fernando Alonso, dereva wa Alpine, alitangazwa kuhamia timu ya Aston Martin, Alpine ikabaki na kiti kitupu. Kesho yake ikatangaza kwamba Piastri, dereva wake wa akiba, ndiye atakayekikalia mwaka 2023. Jioni ileile kijana akaandika mtandaoni kwamba hajasaini na wala hataendesha gari lao. Kumbe tangu tarehe 4 Julai alikuwa ameshasaini McLaren.

Shauri likaenda kwenye bodi inayotambua mikataba ya madereva, iliyoundwa baada ya ugomvi wa mwaka 1991, dereva Michael Schumacher alipoiendeshea timu ya Jordan mbio moja tu kisha akatokea timu ya Benetton. Alpine ilikuwa na karatasi ya masharti tu ya Novemba 2021, si mkataba kamili. Tarehe 2 Septemba bodi ikaamua kwamba mkataba halali ni ule wa McLaren peke yake, na Alpine ibebe gharama za kesi. Ni kweli walimlea na kumlipia majaribio ya gari, na hasira yao naielewa. Lakini walikuwa na miezi mingi ya kumwekea mkataba kamili mezani, na hawakufanya hivyo. Kwa hiyo neno usaliti silikubali.

Hili linanigusa. Niliendesha Fuso ya dagaa miaka 6, kutoka Mwaloni Kirumba hadi Dar es Salaam. Bosi aliniahidi kwamba akinunua gari la pili nitaliendesha kwa asilimia. Gari likaja, akapewa mpwa wake. Nilipokwenda kulalamika kwa wazee wa ukoo wao niliulizwa swali moja: mliandikishana wapi? Nikarudi nyumbani usiku ule nikashindwa hata kula.

Tena hata mwenye karatasi anaweza kukosa usukani. Dereva Giedo van der Garde alikuwa na mkataba wa timu ya Sauber wa mwaka 2015, lakini timu ikawapa viti madereva wengine, Ericsson na Nasr. Akaenda Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria, Australia, akashinda, na rufaa ya timu ikatupwa. Ijumaa ya mazoezi akaonekana Melbourne ndani ya ovaroli la Ericsson! Hakuendesha. Walimalizana kwa fidia. Sawa, kiti alikikosa, ila fidia aliipata kwa sababu ya ile karatasi.

Sasa wewe. Sheria yetu inakubali hata makubaliano ya mdomo, tabu ni kuyathibitisha. Miezi 9 ya jasho lako iko kichwani mwa mtu mwingine. Wiki hii, wakati bado mnasalimiana vizuri, mwombe mwende kwa mwanasheria, au angalau ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mashahidi. Iandikwe hesabu ni shilingi ngapi, ni miezi mingapi, umeshalipa kiasi gani, pikipiki ikiharibika au ukiugua inakuwaje, na kadi itabadilishwa jina tarehe gani. Kila mmoja abaki na nakala. Kuanzia leo hesabu itume kwa simu, usifute ujumbe, na za nyuma ziandike kwenye daftari naye asaini. Akikataa kuandika, niandikie mapema, kabla hujampelekea ya mwezi wa 10.