Nilimwachisha wa kwanza kwa shubiri, na bado inaniuma

Juzi dada mmoja wa Matondoni, hapa kisiwani Lamu, ameniandikia. Ana mimba ya miezi 5, mwanawe ana mwaka na nusu na hasikii la mtu: ziwa asubuhi, ziwa mchana, usiku ndiyo usiseme. Mama mkwe kashamletea shubiri kwenye kichupa. Anauliza, apake?

Dada yangu, usipake. Nakwambia mimi niliyepaka.

Wa kwanza wangu alikuwa na miezi 20, mimba ya pili ina miezi 8. Nilijikokota hadi mwisho maana kila nikimtazama namwonea imani. Majirani hapa Langoni wakaanza: utambemenda mtoto, maziwa ya mimba ni sumu. Nikaogopa. Usiku ule nikapaka. Akaonja, akakunja uso, akanitazama. Kisha akashika ncha ya leso yangu, akanifuta polepole kama anayefuta kidonda, akanyonya. Nililia. Kesho yake nikapaka nzito zaidi. Hakufuta tena. Aligeukia ukutani.

Ikaamuliwa apelekwe kwa bibi yake Malindi. Nilisimama gatini boti ikivuka kwenda Mokowe, maziwa yananilowesha ndani ya buibui. Siku 10 matiti yalikuwa magumu kama mawe, na homa juu. Aliporudi alijificha nyuma ya bibi yake. Wiki mbili baadaye nikajifungua, na kila nilipompakata mchanga, yeye humfinya miguu. Kwake huyo ndiye aliyemnyang'anya. Mpaka leo nikikumbuka moyo wanichoma.

Safari hii, nikimtarajia wa tatu, nilianza kumwachisha wa pili mimba ikiwa na miezi 4. Alhamisi iliyopita binti yangu alitimiza usiku wa saba bila kuuliza ziwa. Alhamdulillahi, najivunia. Nilianza na la mchana, nikampa uji wa mtama na maziwa ya ng'ombe kabla hajaomba. La usiku sikuligusa kwa wiki nzima mbili. Kisha baba yake akashika zamu ya kumlaza. Mimba nayo ilinisaidia, kwani katikati yake maziwa hupungua na ladha hubadilika. Siku moja aliachia mwenyewe, akasema, "Mama, yamekwisha."

Polepole, wenzangu. Ziwa moja kwa wakati, na matiti hayatavimba.

Na hilo la sumu tuliache. Maziwa ya mjamzito si sumu, na mimba isiyo na matatizo haidhuriki kwa kunyonyesha. Ila kama uliwahi kuharibikiwa na mimba au kuzaa kabla ya siku, au unaona damu, nenda kliniki leo. Mtoto naye ale: samaki, mayai, maharagwe, viazi vya nazi.

Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, na wazazi wakitaka kuachisha kabla yake, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Wazazi wawili! Akina baba, nawasihi, ondokeni barazani mapema. Mtoto anayeachishwa ziwa anatafuta kifua, na kifua mnacho. Msimwachie mama mjamzito vita hivyo peke yake, kisha asubuhi mkauliza mbona kanuna.

Dada wa Matondoni, una miezi 4 mbele yako. Kimwage hicho kichupa, kesho uanze na ziwa la mchana. Mama mkwe usigombane naye. Mpe kazi ya uji. Wangu ndiye anayeukoroga siku hizi.