Ukienda Naivasha kuona mizabibu, piga simu kwanza

Nilipomwambia mama mkwe kwamba naenda Naivasha kuona shamba la zabibu, aliniuliza, "Zabibu si za Dodoma, mwanangu?" Sikumlaumu. Sisi wa Nakuru tukitaja Naivasha tunawaza maua, samaki na viboko, na mvinyo tunaona ni kitu cha kuja na meli kutoka Afrika Kusini. Lakini mizabibu ipo, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka mjini kwetu, na nataka uende ukaione bila kupoteza siku kama nilivyopoteza mimi.

Mara ya kwanza nilikwenda na dada yangu, aliyekuwa amesafiri usiku kucha kutoka Kisumu. Tulipanda matatu, tukashuka, tukachukua bodaboda kwenye vumbi hadi getini. Bawabu akatuambia kwa upole kwamba wageni hupokelewa kwa miadi tu. Dada yangu alikaa kwenye jiwe akavua viatu. Basi, piga simu siku kadhaa kabla, uliza kama kuna mtu wa kukutembeza na kama kuonja mvinyo kumo kwenye malipo. Shamba la zabibu ni mahali pa kazi, na siku ya kupulizia dawa hutakaribishwa hata ukiwa nani.

Pia usiende ukitarajia vilima vilivyojaa mizabibu hadi macho yachoke. Mashamba ni machache. Ninachokipenda mimi ni ujasiri wa waliothubutu kuyapanda. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanaukumbuka mvinyo wa mapapai wa Kenya Wine Agencies, kampuni iliyoanzishwa 1969. Miaka hiyohiyo ya 1980 Lake Naivasha Vineyards walikuwa wakijaribu zabibu halisi kando ya ziwa. Baadaye ukaja mvinyo wa Leleshwa, kutoka shamba la Morendat la Kenya Nut, kampuni tunayoijua zaidi kwa makadamia.

Jina Leleshwa ni la kichaka cha majani ya kijivu kilichotapakaa Bonde la Ufa. Chuma jani ulisugue kiganjani: utasikia harufu ya kafuri. Wamaasai huliweka kwapani likafanya kazi ya manukato.

Safari ya pili, iliyopangwa vizuri, mzee mmoja wa shamba alitusimamisha kwenye mstari wa mizabibu akatutolea mkasi mfukoni. Ulaya, alisema, baridi ndiyo inayoulaza mzabibu: majani hupukutika, mti hupumzika miezi kadhaa, kisha huchipua wote kwa pamoja. Hapa karibu na ikweta hakuna majira ya baridi, kwa hiyo mti usipopogolewa huchanua huku na kuivisha kule, na mavuno hayashikiki. Mkulima ndiye anayeulaza kwa mkasi, akiamua mwenyewe mwaka unaanza lini, na ndiyo maana shamba moja laweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Kinachosaidia ni mwinuko. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, jua la mchana linatia sukari na ubaridi wa usiku unahifadhi ule uchachu unaoupa mvinyo uhai. Adui ni mvua, maana inaleta ukungu kwenye majani.

"Onja, mama," akaniambia, akinipa zabibu nyeusi moja. Ilikuwa ndogo kuliko za sokoni, ganda nene, mbegu ngumu, tamu kupita nilivyodhani. Akaiminya nyingine: maji yake yalitoka karibu meupe. Rangi ya mvinyo mwekundu inakaa kwenye ganda, na juisi ikiachwa ikae pamoja na maganda ndipo inakuwa nyekundu.

Kuhusu gari, mwenye kuendesha asionje. Barabara ya Nakuru–Naivasha ina malori mengi mno. Watoto chini ya miaka 18 hawahudumiwi, na sheria ya mwaka 2010 inayodhibiti saa za baa tunaiita Sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha yenyewe.

Ukilala, asubuhi nenda Hell's Gate, mbuga iliyofunguliwa 1984, ukodishe baiskeli upite kati ya pundamilia. Mvua ikinyesha, hata ikiwa mbali juu ya milima, usishuke kwenye korongo. Maji hufika ghafla. Yaliua watu 2012 na tena 2019. Mchana kula samaki wa kukaanga pale Kamere, na jioni kaa mbali na ufuo, maana viboko hutoka kula nyasi. Beba sweta.

Chupa yetu ya mvinyo mweupe dada aliifunga kwenye leso akaenda nayo Kisumu. Niliifuata wiki iliyofuata. Tuliinywa ikiwa baridi, kwa ngege wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu nyingi, na ule uchachu ulikaa sawasawa na mafuta ya samaki. Dada akaigeuza chupa, akaisoma lebo mwanzo hadi mwisho, kisha akaniuliza watapogoa tena lini.