Neno "Lamu" peke yake litakula pesa yako: vile nilivyojifunza matangazo ya Google

Mwezi uliopita dada mmoja wa Shela, kijiji cha hapa Lamu, anayeshona mikoba ya kitambaa cha tanga alinipigia simu akaniambia, kaka, nasikia wewe unalipia Google ndo maana nyumba yako haikosi wageni, na mimi nataka, nilipe ngapi? Nikamwambia ngoja dada, tusianze na ngapi, tuanze na mtu anaandika nini kwenye simu yake wakati bado hajui kama wewe upo. Tukaongea karibu saa nzima na bado niliona sijamaliza, kwa hivo naandika hapa, manake najua hayuko peke yake, hapa kwetu kila mwenye vyumba viwili vitatu ama dau la kutembeza watu siku hizi anaulizia hiki kitu.

Mimi nina vyumba vitano Mkomani, mtaa wa mjini Lamu, nyumba ya nyanya yetu tuliyoikarabati mimi na ndugu zangu. Nilianza kulipia matangazo miaka minne nyuma. Mwezi wa kwanza niliweka shilingi 12,000, na pesa ile ilikua ya kupaka chokaa ukuta wa juu, ikaisha siku ya kumi na saba, nikapata meseji tatu za WhatsApp na hakuna hata mmoja aliyekuja kulala. Iliniuma sana. Nikasema nafunga akaunti. Lakini kabla sijafunga nikafungua ile ripoti inayoonyesha maneno yenyewe ambayo watu waliandika kabla ya kukliki tangazo langu, na hapo ndo nikaelewa tatizo liko wapi.

Nilikua nimenunua neno "Lamu", yaani nimeiambia Google mtu akiandika hilo nionyeshe mimi. Basi, hilo tu, na nimeliacha wazi. Kumbe wanaoandika Lamu kwenye Google si wote wanaotafuta pa kulala. Kuna waliokua wanatafuta kazi bandarini, manake tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ifunguliwe 2021 vijana wa Kenya nzima wanatafuta kazi huko, kuna wanaotafuta nafasi za kazi za kaunti, kuna wa habari, na kuna wengi tu wa Nairobi wanaotaka vitanda na milango ya Lamu ya kuchonga, yaani wanatafuta fundi, wanaona tangazo limeandikwa Lamu kwa juu wanakliki, wanakuta gesti, wanatoka. Na kila kliki nimeilipia mimi.

Kwa hivo hebu tuelewane hiki kitu kinavyofanya kazi. Tangazo la Facebook linamkuta mtu anaangalia harusi ya rafiki yake, wewe unamkatiza. Tangazo la Google la kwenye kutafuta ni tofauti, mtu mwenyewe ameuliza, na wewe unalipa ili uwe kati ya wale wa kwanza kumjibu. Yale majibu ya juu yenye alama ndogo ya kuonyesha kwamba yamelipiwa, pale juu huwa hayazidi manne. Kuonekana hulipi, unalipa mtu akikliki. Biashara hii ya kuuza maneno haikuanzishwa na Google, kulikua na kampuni inaitwa GoTo.com Marekani 1998, yeye aliyelipa nyingi ndo aliyewekwa juu, basi. Google wakafungua yao Oktoba 2000 ikiitwa AdWords, 2002 wakaingia kwenye malipo ya kliki lakini wakaongeza kitu kimoja kikubwa, wakaanza kuangalia pia ni tangazo la nani watu wanalipenda na kulikliki. 2018 ndo wakabadilisha jina ikawa Google Ads.

Hicho kitu walichoongeza ndo kinachomuokoa mtu mdogo kama mimi na wewe. Ni mnada, na mnada huo unafanyika upya kila mtu anapotafuta, kwa nukta tu. Lakini si kama mnada wa samaki ambapo mwenye bei ya juu anachukua. Hapa dalali ni Google, na anauliza mambo mawili matatu kwa pamoja, umetaja bei gani, tangazo lako linafanana na alichouliza huyu mtu, na akifika kwenye saiti yako atakuta kile ulichomuahidi? Kila neno ulilonunua linapewa alama kutoka 1 hadi 10. Na ukishinda hulipi ile bei uliyotaja yote, unalipa ile inayotosha tu kubaki juu ya aliye chini yako. Maana yake hoteli kubwa inaweza kutaja shilingi 90 kwa kliki na mimi nikataja 45 na nikakaa juu yake, kwa sababu mtu ameuliza nyumba ya zamani yenye baraza la juu mjini Lamu, na mimi tangazo langu linasema hivyo hivyo na ukurasa wangu unafungua picha ya baraza lenyewe, yeye anampeleka kwenye ukurasa wa hoteli zake za Kenya nzima.

Ukurasa watu wanaudharau mno. Fikiria umempokea mgeni kwenye jeti ya boti, umemwambia nyumba iko hapa karibu, kisha unamzungusha vichochoro nusu saa na mizigo, atakuachia mlangoni arudi. Saiti yangu ya kwanza ilikua inafunguka polepole kwa sababu picha zilikua kubwa vile zilivyotoka kwenye kamera, na namba ya simu ilikua chini kabisa. Nilizipunguza picha, bei nikaiweka wazi juu, kitufe cha WhatsApp nikakiweka pale pale kinaonekana bila kushuka. Alama ya neno langu kubwa ikatoka 4 ikafika 7 na bei ya kliki ikashuka bila mimi kugusa kitu chengine.

Sasa maneno. Unaweza kulinunua neno kwa namna tatu. Ukiliandika hivi hivi Google inajipa uhuru wa kukuonyesha kwa chochote inachoona kinahusiana, ndo vile nilivyoliwa mimi. Ukiliweka ndani ya alama za kunukuu, anayetafuta lazima awe ameandika kitu chenye maana hiyo ndani yake. Ukiliweka kwenye mabano ya mraba inabana zaidi, ingawa hata hapo bado wanakubali maneno yenye maana sawa, si herufi kwa herufi kama watu wanavyodhani. Mwenye bajeti ndogo aanze na hizo mbili za mwisho, ile ya wazi aiache kabisa mpaka azoee.

Halafu kuna maneno ya kukataa, na mimi nasema hii ndo kazi yenyewe, kuliko hata kuchagua ya kununua. Unaiambia Google, mtu akiandika hili neno usinionyeshe. Mimi nimekataa kazi, bandari, kitanda, mlango, fanicha, habari, ramani, kwa Kiswahili na Kiingereza, orodha yangu sasa imepita 140. Na uangalie, kwenye kukataa Google haikusaidii kufikiria, ukikataa "job" na mtu akaandika "jobs" bado utaonekana, kwa hivo umoja na wingi unaandika yote mawili. Kila Jumatatu asubuhi nikishanywa chai nafungua ile ripoti nakata yasiyonihusu. Dakika ishirini. Nikiacha wiki tatu naona kabisa pesa inaanza kuvuja.

Maneno ya Kiswahili watu wameyasahau kabisa na mimi hapo nimefaidika. Maulidi ikikaribia watu wanatoka Mombasa, Tanga, Zanzibar, mpaka Comoro, na wengi wanatafuta gesti kwa Kiswahili, wanaandika vyumba karibu na msikiti wa Riyadha, gesti Lamu bei rahisi, na pale hakuna hoteli inayoshindana na wewe, kliki nazipata kwa bei ya chini sana. Na wenzetu wa Malindi na Watamu nawaambia hivyo hivyo, mgeni wenu Muitaliano anaandika Kiitaliano, sasa wewe unanunua maneno ya Kiingereza unamuachia nani?

Kwenye setingi kuna vitu viwili vya kuangalia kabla hujaweka hata shilingi. Kwanza ukifungua kampeni ya kutafuta, yaani ukianza kupanga matangazo yako, kuna kisanduku kinakuja kimeshawekwa alama, cha kupeleka matangazo yako kwenye saiti nyengine na programu za simu, michezo ya watoto na kadhalika, ondoa hiyo alama. Pili ni mahali. Rafiki yangu mwenye boti aliweka Lamu, na akachagua walioko Lamu peke yao, kwa hivo miezi miwili alikua anatangazia watu ambao wameshafika na wameshapata nahodha wao. Weka kule mgeni anakotoka. Mimi ni Nairobi, Mombasa, na kipindi cha Julai na Agosti naongeza Uingereza na Ujerumani. Ile setingi inayokuja yenyewe inachanganya walioko mahali hapo na wale walioonyesha tu kupendezwa napo, kwa hivo isome vizuri kabla hujabonyeza endelea.

Bajeti ni ya siku, lakini usishtuke, ukiweka 300 kuna siku wanaweza kukata mpaka 600 kwa sababu watafutaji wamekua wengi, ila kwa mwezi hawavuki 300 mara 30.4, ndo wastani wa siku za mwezi, yaani 9,120. Mwezi wa nne na wa tano mvua zikishika mimi nazima kabisa, sioni sababu ya kulipia kliki wakati wageni hawasafiri.

Na jina la nyumba yako nalo linunue. Siku moja nilitafuta jina letu wenyewe nikakuta tangazo la saiti kubwa ya kuuza vyumba liko juu yetu. Yaani mgeni aliyenijua tayari, ameambiwa na rafiki yake, anapitia kwao kisha mimi nakatwa komisheni. Jina lako kwako ni rahisi kwa sababu alama zako hapo huwa za juu. Lakini usikae unalitafuta kila siku kujiangalia kama uko juu, tangazo likionekana bila kukliki linajiharibia alama, na ukikliki mwenyewe umejilipisha, ndani ya akaunti kuna sehemu ya kujionea tangazo bila kudhuru kitu, tumia hiyo.

Sasa hesabu, na hapa ndo nilipomkatisha tamaa kidogo yule dada. Chukua mfano wangu. Kliki moja kama 35, watu 100 ni 3,500. Katika hao 100 wanaoandika WhatsApp ni kama sita, analala mmoja, mara nyengine wawili. Mgeni akilala siku tatu kwa 5,000 ni 15,000. Saiti za kuuza vyumba zikikata asilimia 15 hapo zinachukua 2,250. Ona sasa, nikipata mgeni mmoja kwa kliki mia, Google imenigharimu zaidi ya komisheni, nikipata wawili kila mmoja ni 1,750 na hapo nimepata nafuu. Faida yangu yote iko kati ya mmoja na wawili, na kinachonitoa kwa mmoja kunipeleka kwa wawili ni maneno na ukurasa, kuongeza pesa hakujawahi kunisaidia. Ndo maana lazima uhesabu meseji zinazotoka kwenye tangazo, weka kile kipimo cha kuhesabu waliobonyeza WhatsApp, bila hicho hata Google yenyewe haijui nani ni mteja na nani mpita njia.

Mkoba wa dada ni 2,500. Kwa hesabu hiyo hiyo akiuza mkoba mmoja mmoja atalipa 3,500 kuuza mkoba wa 2,500. Nikamwambia dada usilipe, si kwa biashara hii, weka kwanza duka lako kwenye ramani ya Google, hiyo ni bure na wageni wakiwa Shela wanaangalia hapo, picha nzuri, saa za kufungua, omba kila mteja aandike maoni.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza, na mahoteli je? Wale wanaochukua mikoba hamsini ya kuweka vyumbani? Hapo nikakaa sawa, manake oda ya hamsini ni 125,000 na hapo kliki mia mbili mia tatu zinaweza kujilipa. Nikamuuliza meneja wa hoteli akitaka mikoba hamsini anaandika nini? Tukachukua karatasi, yeye kwake mimi kwangu, tukaandika maneno kumi na moja. Tukayasoma moja moja tukijiuliza ni nani mwengine anaweza kuandika hivi na hataki kununua kwa jumla. Tukabaki na matatu, na hayo ndo anaanza nayo Jumatatu kwa shilingi 200 kwa siku.