Seli hugawanyika au hugawana?

SWALI: Mwalimu, salaam. Ninafasiri kijitabu cha afya ya uzazi kitakachotolewa kliniki. Kuna mahali panaeleza jinsi seli za mwanzo zinavyofikia kuwa mtoto kamili. Nimeandika: "Seli za kijusi hugawana mara mbili, kisha hutofautishana na kubobea hadi kijusi kinakuwa kiumbe tata." Mhariri ameirudisha ikiwa na mistari myekundu karibu chini ya kila neno, bila maelezo yoyote. Kosa liko wapi? Na je, kijusi na kiinitete si kitu kimoja? – Mfasiri, Morogoro

JIBU: Mhariri wako amekuonea kwa kunyamaza, lakini kalamu yake imepita panapostahili. Maneno yako yote ni ya Kiswahili, na sentensi inasomeka vizuri. Tatizo liko zaidi kwenye mikia ya vitenzi, yaani zile kauli tulizokaririshwa shuleni: kutendana, kutendeka, kutendesha, kutendwa. Katika somo hili kila mkia unadai jambo fulani kuhusu seli. Ukiukosea, mama anayesoma kijitabu ataelezwa jambo lisilotokea tumboni mwake.

Chukua "hugawana". Watoto wakigawana embe, kila mmoja huondoka na kipande chake na hakuna aliyebaki na embe zima. Seli haifanyi hivyo. Kabla ya kugawanyika hunakili kwanza vinasaba (jeni) vyake vyote, yaani maagizo ya urithi, kisha kila seli mpya huondoka na nakala kamili, kama daftari lililotolewa fotokopi kuanzia jalada hadi jalada. La kushangaza ni kwamba kosa lako liliwahi kuwa nadharia ya kisayansi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani August Weismann alifikiri kwamba seli za mwanzo hugawana urithi: hii inachukua maagizo ya sehemu hii ya mwili, ile ya sehemu ile. Mwaka 1891 Hans Driesch akachukua mayai yaliyorutubishwa ya wale viumbe wa miiba wanaowachoma miguu wavuvi wa pweza. Alingoja hadi kila yai likawa seli mbili, akayatikisa ndani ya maji ya bahari mpaka seli zikaachana. Kama zingekuwa zimegawana, kila moja ingetoa nusu ya mnyama. Nyingi zilitoa lava (mtoto mchanga wa mnyama huyo) mzima, mdogo tu kuliko kawaida. Mapacha wanaofanana wanatuambia jambo hilo hilo kuhusu binadamu.

Kwa hiyo andika "hugawanyika" au "hujigawa". Cha kwanza kinataja badiliko bila kumtaja mtendaji, cha pili kinaifanya seli yenyewe itende. Kwa kijitabu cha kliniki ningechukua "hugawanyika". "Hugawanywa" tuwaachie watu wa maabara, maana kauli ya kutendwa humfanya msomaji aulize: na nani?

Kisha kuna "mara mbili", kosa dogo lenye hesabu kubwa. Seli ikigawanyika mara mbili, unapata seli nne. Ulichokusudia ni "kuwa mbili": seli moja hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane. Kwa binadamu, mgawanyiko wa kwanza huja yapata siku moja au zaidi kidogo baada ya yai kurutubishwa. Siku ya 3 huwa kuna seli kama 8, na siku ya 5 ni tufe dogo lenye uwazi ndani. Jihadhari pia na msemo uliozoeleka, "hugawanyika na kukua". Katika siku hizo za mwanzo hakuna kukua. Zaigoti, yaani yai lililorutubishwa, ina upana wa takriban milimita 0.1, na seli zinavyoongezeka idadi ndivyo kila moja inavyozidi kuwa ndogo, kwa sababu zote bado zimebanwa ndani ya ganda lile lile la yai. Ni mkate unaokatwa vipande. Kuumuka kwake bado.

Sasa "hutofautishana", ambalo ndilo moyo wa swali lako. Tuliweke pamoja na ndugu zake. "Kutofautisha" ni kazi ya mtazamaji: mtaalamu hutofautisha seli ya neva na seli ya msuli kwa hadubini. "Kutofautiana" ni hali iliyokwisha kuwapo: seli ya neva na ya msuli zinatofautiana. Wewe unataka tendo la katikati, seli zilizokuwa sawa zinapoanza kuwa mbalimbali, na hapo ndipo kauli ya kutendeka inapofaa. Wapo wanaotumia "kutofautika", na halina ubaya. Mimi napenda "kupambanuka", na nomino yake "upambanukaji", kwa sababu lina picha ya kitu kinachojitokeza taratibu kutoka kwenye kundi. "Kutofautishana" likisomwa kama lilivyo, linasema seli zinakaguana zipate kujua nani ni nani.

Lakini usiitupe -ana. Ina mahali pake, na ni pazuri. Seli za kiinitete huelekezana kwa kemikali: hii hutoa ishara, jirani yake hubadili mwenendo. Tazama figo. Mrija mdogo huchipuka na kuingia katika tishu laini iliyo jirani. Tishu hiyo huutumia ishara mrija nao ukatoa matawi, na matawi nayo huitumia tishu ishara ikageuka kuwa vichujio vya damu. Ukiutenga mrija, hautoi matawi, na tishu ikiachwa peke yake haigeuki kuwa vichujio. Mazungumzo hayo yakikatika upande mmoja, mtoto anaweza kuzaliwa na figo moja. Hapo andika "zinaelekezana" bila wasiwasi, maana kila upande unatenda na kutendwa.

Msomaji atauliza: kama kila seli ina vinasaba vile vile, zinapambanuka vipi? Kijitabu kisiseme kwamba "seli ya ini ina jeni za ini". Seli ya ini ina jeni za ngozi, za jicho na za ubongo, ila nyingi zimenyamazishwa. Mwaka 1962 John Gurdon wa Uingereza alichapisha jaribio lake maarufu. Alichukua kiini cha seli (sehemu yenye vinasaba) kutoka utumbo wa kiluwiluwi, akakiingiza katika yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Baadhi ya mayai hayo yalitoa viluwiluwi wazima. Kiini cha seli ya utumbo kilikuwa bado kinajua kutengeneza mkia na macho. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake wakazirudisha seli za ngozi za panya katika hali inayofanana na ya mwanzo kwa kuingiza jeni nne tu, na mwaka 2012 yeye na Gurdon wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo vitenzi vya jeni ni "huwashwa" na "huzimwa", au "huamshwa" na "hunyamazishwa". "Hupotea" litabaki kwa mambo machache, kwa mfano chembe nyekundu za damu zilizokomaa, ambazo kweli hutoa kiini chao nje.

Nimesema "chembe nyekundu", na najua utaniuliza. Kwa istilahi shika "seli", ya ngeli ya I-ZI, isiyo na wingi wa "maseli". "Chembe" ni zuri katika maelezo mepesi ila lina ndugu wa ngeli nyingine. Mgonjwa akisema "chembe cha moyo kinaniuma" anaonyesha hapa chini ya kidari, wala hazungumzii seli ya moyo. Ukiandika "chembe za moyo" kwenye kijitabu kitakachosomwa Pwani, utakuwa umejitafutia maswali.

"Kubobea" hubobea watu. Mtu amebobea katika sheria kwa kusoma na kuzoea. Seli haina uzoefu, na baada ya kubobea tungefika kwenye "seli bingwa", tuanze kuipangia foleni kama daktari. Sema "huwa seli maalumu", au taja kazi moja kwa moja: huwa seli za misuli, za neva, za damu. Zile ambazo bado zinaweza kufuata njia nyingi ni "seli shina". Hapo hakuna haja ya -a unganifu, na upatanisho hufuata seli: seli shina hizi, siyo "seli mashina haya". Wanaosema "seli mama" wanaeleweka, lakini katika habari za uzazi neno mama lina kazi nyingine ya kutosha.

Kijusi na kiinitete si kitu kimoja. Kiinitete, wingi viinitete, ni kiini kilicho tete, kile kichanga ambacho viungo vyake bado vinatokea. Katika binadamu huitwa hivyo hadi mwisho wa wiki ya 8 tangu kurutubishwa. Baada ya hapo ni kijusi, hadi kuzaliwa. Kipimo changu cha haraka ni vitenzi: kiinitete huumbika, kijusi hukua. Ubongo unaendelea kukomaa muda mrefu baadaye, lakini kwa sehemu kubwa mgawanyo huo unasimama. "Kuumbika" lina undugu na umbo, kiumbe na maumbile, hivyo kwa kazi hii sioni la kulishinda.

Hapa uangalifu unahitajika kwa sababu ya afya, siyo sarufi peke yake. Kliniki huhesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo wiki ya 8 ya wanasayansi ni wiki ya 10 kwenye kadi ya mama. Mrija wa neva, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu kurutubishwa. Kwa hesabu ya kadi hiyo ni wiki ya 6, wakati wengi ndiyo kwanza wanashangaa hedhi imechelewa. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, hushauriwa kuanza kabla ya kushika mimba. Ukiandika "wiki ya 4" bila kusema tangu lini, mama atahesabu kwa kadi yake na kukosea kwa siku 14. Na "mimba" usiitumie kwa maana ya kiinitete. Mimba ni hali ya mama, na kiinitete ni kilichomo.

Mtego mwingine uko katika "kiini" lenyewe. Tunalo kwa nucleus ya seli, kama wanavyoiita wa maabara, na tunalo pia kwa sehemu ya manjano ya yai. Matokeo yake watu wazima kabisa huamini kifaranga hutokana na kiini cha yai na ute ni chakula chake. Vunja yai la kuku wa kienyeji aliyepandwa na jogoo, taratibu, kwenye sahani. Juu ya ile manjano utaona kidoa cheupe cha milimita 3 au 4, chenye duara kama pete. Hicho ndicho kiinitete, na siku yai linapotagwa tayari kina maelfu ya seli. Manjano yote ni akiba ya chakula, na ute nao pia. Yai la kuku asiye na jogoo lina kidoa kidogo zaidi, kilichokolea, bila pete. Kuku akiatamia, siku ya 4 ukilimulika utaona mishipa ya damu imetanda kama mizizi, na siku ya 21 kifaranga huanguliwa. Uumbikaji ukikwama njiani, yai huwa viza.

Kuku huyo huyo anafaa kwa jambo ambalo sentensi yako haikuligusa: kuumbika si kuongezeka tu, kuna seli zinazotakiwa kufa. Mguu wa kifaranga huanza ukiwa bapa kama kasia. Seli za kati ya vidole hufa kwa mpangilio na vidole vikaachana. Kwa bata nyingi hazifi, akabaki na utando wa kuogelea. Kwa binadamu zikikosa kufa, mtoto huzaliwa na vidole vilivyoshikana. Andika "hufa kwa mpangilio", siyo "huharibika", maana hakuna kilichoharibika.

Ukifika kwenye matabaka matatu ya seli za kiinitete, andika tabaka la nje, la kati na la ndani. Usiseme "utumbo hutokana na tabaka la ndani". Utando wake wa ndani ndio hutoka huko, misuli yake ni ya tabaka la kati. "Tishu" iache kama ilivyo, japo dukani ni karatasi. "Ogani" ni salama kuliko "kiungo", ambacho kinaweza kuwa mkono, kifundo au bizari.

"Tata" ni kitu kilichosokotana au chenye mashaka, kama kesi tata. Kiumbe chenye sehemu nyingi zinazofanya kazi pamoja ni "changamani".

Ningeiandika hivi: "Zaigoti hugawanyika kuwa seli mbili, mbili kuwa nne, na kuendelea. Baadaye seli za kiinitete huelekezana na kupambanuka: nyingine huwa za neva, nyingine za misuli, nyingine za damu. Pamoja huunda tishu na ogani. Kufikia wiki ya 10 tangu hedhi ya mwisho ogani kuu zimekwisha kuumbika, na kuanzia hapo kijusi hukua." Ikiwa nafasi kwenye ukurasa haitoshi, kata sentensi ya tishu na ogani, lakini maneno "tangu hedhi ya mwisho" yabaki.