Mzigo Ukikataliwa, Usigeuze Gari

Juzi usiku kijana mmoja alinitumia ujumbe mrefu usio na nukta wala mkato. Lori ni lake, deni la lori ni lake, na nyanya alizobeba zimekataliwa. Mpokeaji anasema zimelegea. Mtumaji hapokei simu. Dalali anamwambia, "We geuza tu, tutajua mbele ya safari." Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nigeuze?"

Nilimjibu palepale asigeuze. Halafu nikaona bora niandike kwa kirefu, maana wewe unayesoma nawe una lori lako au unalitafuta, hutaki kuzeeka ukiendesha mali ya tajiri. Siku ya kukataliwa mzigo inakusubiri tu. Siku hiyo ndiyo itakayoonyesha kama wewe ni mfanyabiashara au mshika usukani.

Mimi nami yalinikuta na nyanya. Safari yenyewe siisimulii, barabara na usingizi kila dereva anavijua. Nilifika ndani ya muda, nikasubiri foleni, nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye jukwaa la kushushia, milango ikafunguliwa. Tukakaa hivyo, milango wazi, jua linapiga, hakuna anayekuja. Baadaye sana akatokea mkaguzi wa ghala, kalamu sikioni. Akavuta boksi moja la mlangoni, la juu kabisa, akabonyeza nyanya moja kwa dole gumba. "Hizi hapana."

Boksi moja katika tela lote! Nikamuuliza amepima nyuzi ngapi. Hakuwa na kipimajoto. Mimi ninacho, cha sindano, kinakaa mfuko wa shati kila siku ya Mungu. Nikachoma nyanya ya mlangoni mbele yake, kweli ilikuwa na joto, na angekuwa yeye amesimama juani muda wote ule naye angelegea. Nikavua viatu, nikapanda juu ya maboksi, nikatambaa tumbo chini mpaka katikati ya tela, nikachoma nyingine huko. Nyuzi 13, vilevile ilivyoandikwa kwenye hati ya mzigo. Nikapiga picha kipimo kikiwa bado ndani ya nyanya. Niliposhuka nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, mkaguzi alikuwa ameshaingia ofisini.

Mpakuzi mmoja ndiye aliyeninong'oneza ukweli. Tangu alfajiri walikuwa wameshusha nyanya mpaka hakuna pa kukanyaga, na bei sokoni ilikuwa imeporomoka. Wenzangu, wekeni hili kichwani: mzigo mwingi hukataliwa kwa sababu ya soko, kisha ndipo huja kutafutiwa kasoro. Bei ingekuwa juu, nyanya hizohizo zingepokelewa na mkaguzi angekuita ndugu.

Sikuondoka. Nilimfuata ofisini nikamwomba aandike kwenye hati sababu ya kukataa, saa na jina lake. Akagoma. Nikaandika mwenyewe, mbele ya mlinzi: "Mpokeaji amekataa mzigo, amekataa kuandika sababu," nikaweka saa, nikapiga picha. Nikamtumia mtumaji ujumbe wa maandishi, wala si simu, nikiuliza: nifanye nini na mali yako? Simu huwa haina kumbukumbu watu wakianza kukana. Jioni akaja mkaguzi wa nje asiye na upande, mtumaji ndiye aliyemwita, akafungua maboksi ya mbele, kati na nyuma. Alichoandika kilitosha. Wakubwa wakakaa wakapunguziana bei wao kwa wao, nyanya zikashushwa, na nauli yangu nikaipata yote.

Malipo ya kusubiri sikuyaona mpaka leo. Dalali aliyenipa mzigo ule, badala ya kunitetea, alizunguka akisema mimi ni mkorofi, na mzigo wake sijapewa tena. Sisemi kwamba sikuumia. Niliumia, tena nikimwona barabarani bado roho inanichoma. Lakini wale waliogeuza kwa kumsikiliza walibeba hasara ya mzigo mzima mgongoni kwao, kwa sababu ukishaondoka pale bila maandishi, kilichooza njiani na kilichooza shambani vinakuwa kitu kimoja, na mwenye kosa ni wewe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kesi ya mzigo kukataliwa unaishinda au unashindwa siku ya kupakia. Mashine ya baridi ya lori imetengenezwa kutunza ubaridi uliopo, haina nguvu ya kupoza mazao yaliyotoka shambani yanafukuta. Na ile namba unayoiona kwenye kioo chake ni joto la hewa, haikuambii ndani ya tunda kukoje. Ukipakiwa kabichi zenye joto, kioo kitakuonyesha nyuzi 1 safari nzima na kabichi zitafika zimechemka. Kwa hiyo kabla mlango haujafungwa, choma sindano kwenye kiini cha tunda, piga picha, andika kwenye hati. Kama ni moto, andika ni moto. Mtumaji akinuna, muache anune. (Kipimajoto chako nacho kikague: kitumbukize kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, kisome 0. Kikisoma kingine, mkaguzi wa kwanza mjanja atakuumbua.)

Tena usikubali kuambiwa "weka baridi tu". Baridi gani? Kabichi na saladi zinataka karibu na nyuzi 0. Nyanya ambazo hazijaiva sawasawa zinataka nyuzi 13 hivi. Ndizi mbichi ukizishusha chini ya 13 unaziumiza, na ubaya wake hauonekani siku hiyo. Zinapopelekwa kuivishwa ndipo ganda linakuwa la kijivu, na wewe umeshasahau hata ulibeba nini. Nyuzi zinazotakiwa ziandikwe na mtumaji mwenyewe, kwa mkono wake. Na mizigo ya kuchanganya ndiyo balaa: matofaa na ndizi zinazoiva hutoa hewa ya ethilini, hewa hiyo hugeuza matango kuwa ya njano na karoti kuwa chungu. Utalaumiwa wewe kwa kitu ambacho hata kukiona huwezi.

Angalia pia maboksi yasigote dari wala kuziba njia ya hewa sakafuni. Na kama tela limepakiwa na kupigwa sili bila wewe kuwapo, andika hivyohivyo: sikushuhudia kupakiwa, sikuhesabu. Kuandika hakugharimu kitu. Nitarudia mpaka mchoke: andika, piga picha.

Ukishakataliwa, usizime mashine ya baridi hata kama umekasirika. Rekodi ya nyuzi za safari nzima iko ndani yake, itoe mapema na uihifadhi. Omba maboksi mazuri yapokelewe na mabaya yatengwe, maana kukataa tela lote kwa ajili ya paleti mbili ni uonevu, na ukiliomba hilo kwa maandishi wengi hulegeza kamba. Mzigo si wako. Usiuuze, usiugawe, usiutupe bila neno la mwenyewe lililoandikwa. Ulaya wana mkataba wa usafirishaji wa barabarani unaoitwa CMR, wa mwaka 1956. Mpokeaji akikataa, msafirishaji anatakiwa kuomba maelekezo kwa mtumaji, na bidhaa zinazoharibika anaruhusiwa kuziuza bila kusubiri. Kwenu huenda sheria ni nyingine, itafute uisome kabla hujaihitaji. Hata hivyo mimi, hata pale ninaporuhusiwa, huwa namtumia mwenye mali ujumbe kwanza na kumpa saa ya mwisho ya kujibu. Mara nyingi mtumaji mwenyewe ana mnunuzi wa pili, kiwanda cha kusindika au mfugaji, ila hakuambii mpaka aone umesimama imara.

Bima nayo. Bima nyingi za mizigo hazilipi uharibifu uliotokana na mashine ya baridi kufa njiani, mpaka uwe umeongeza kipengele hicho na unaweza kuonyesha karatasi za matengenezo. Fungua yako leo usome. Wengi wetu tunaijua rangi ya stika tu.

Na kabla ya kukubali safari, dalali akuandikie nani atalipa saa za kusubiri na nani atalipa nauli ya kurudi mzigo ukikataliwa. Sentensi mbili kwenye simu zinatosha. Akikwambia mambo hayo hayaandikwi, muulize dizeli ya kurudi inatoka mfuko gani. Akianza kuzungukazunguka, tafuta mzigo mwingine.